Mwalimu Mwingine wa Binti Yangu

Jumatatu moja asubuhi, kwenye mkutano wa walimu, mwalimu mkuu alitangaza kwamba wanafunzi wa fomu tu, yaani kidato cha pili, waliokuwa wakishika mkia hawangekuja tena kwenye darasa langu la ziada la Jumatano. Wangepelekwa Ruiru. Kule kulikuwa na godauni la zamani la kahawa lililogeuzwa kuwa ukumbi wa sanaa, na mwanamke aliyeuendesha ukumbi huo alikuwa amekubali kuwapokea watoto wetu kila wiki, alasiri nzima. Wangeangalia picha zilizotundikwa, wangeigiza, wangejenga jukwaa lao wenyewe.

"Tumejaribu kila kitu," mwalimu mkuu alisema. "Tujaribu na hii."

Kila kitu maana yake ilikuwa mimi. Darasa la ziada nililianzisha mwenyewe, na hakuna aliyeniomba. Nafundisha hesabu katika shule ya kutwa huku Kiganjo, Thika, na kila Jumatano wenzangu walipokuwa wanakunywa chai mimi nilikuwa mbele ya ubao na wale ambao hesabu iliwapita kama gari la kukodi. Hawakuboreka. Lakini walikuwa wangu.

Na mmoja wao alikuwa wangu kwa namna nyingine. Binti yangu hakupata shule ya bweni, kwa hivyo tulimwandikisha hapa, na kwa kuwa mwalimu wa hesabu wa fomu wani na fomu tu nilikuwa mimi peke yangu, nikawa namfundisha. Alikaa karibu na dirisha na hakunyoosha mkono hata siku moja. Mtihani wa hesabu alikuwa anaandika jina, tarehe, swali la kwanza, kisha anaweka kalamu chini. Nyumbani alikuwa na maneno matatu tu: sawa, sijui, hakuna. Mimi nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Baba yake pia si msemaji. Akitoka shifti kiwandani anakula, anasikiliza habari, analala.

Mwalimu mkuu akasema niwasindikize. Kipindi kilikuwa changu, na basi la shule lilihitaji mtu mzima ndani.

Ukumbi wenyewe ulikuwa mkubwa kuliko nilivyofikiri, paa la mabati juu kabisa, kuta zimepakwa rangi nyeupe, na picha kubwa kubwa zimetundikwa mbali mbali. Bado ulikuwa na harufu ya magunia. Mwanamke alitoka nyuma ya pazia jeusi akiwa amevaa ovaroli yenye madoa ya rangi. Alikuwa mdogo kwangu, kama wa miaka thelathini hivi, nywele amezisuka mistari myembamba iliyorudi nyuma. Nilikuwa nimejitayarisha kumkuta mtu wa maringo. Hakuwa na maringo, na hilo lenyewe liliniudhi.

"Sasa nyinyi?"

"Poa!" wakajibu. Mimi huwaambia habari za mchana na wananijibu kama wanaosoma kibao cha barabarani.

"Msiniite Madam. Madam ni huyu," akaninyooshea mkono kwa heshima. "Mimi niiteni Siz, kama dada yenu. Sasa kila mtu atafute picha moja, ile inamkatalia kuondoka. Kaeni nayo. Hakuna maksi."

Walitawanyika. Nilitarajia wakimbizane. Baada ya muda nikaona binti yangu amesimama mbele ya picha ya wanawake waliopanga foleni kwenye mfereji wa maji, mitungi ya manjano miguuni. Yule mwanamke akaenda akasimama kando yake, si mbele yake, akatazama naye ile picha.

"Unaona nini?" akamuuliza hatimaye.

"Huyu wa mwisho hangoji maji," binti yangu akasema.

"Kwa nini?"

"Mtungi wake uko na maji tayari. Angalia venye umezama kwa matope, hii mingine imekaa tu juu. Na mtu anangoja maji hasimami hivyo. Anangoja wenzake waende ndio aongee na huyu wa mfereji. Kuna kitu anataka kumwambia na ni kibaya."

Aliendelea. Alieleza mikono ya yule wa pili, kivuli cha paa, mtoto aliyefungwa mgongoni ambaye alikuwa peke yake anayetazama nje ya picha. Nilikuwa nimesimama mlangoni na orodha ya majina mkononi, na nilihesabu kwamba kwa dakika hizo chache alikuwa ameongea zaidi na mtu asiyemjua kuliko alivyoongea nami tangu muhula ufunguliwe. Roho iliniuma mpaka nikatoka nje nikajifanya naongea na dereva.

Wiki zilivyokwenda ndivyo nilivyozidi kuumwa. Watoto waliamua kujenga jukwaa la mbao kwa ajili ya mchezo wao wa mwisho wa muhula, na ili kulijenga ilibidi kwanza walichore. Jioni moja nilirudi nyumbani nikamkuta binti yangu amepiga magoti sebuleni na tepu yangu ya kushonea, anapima kutoka ukutani hadi mguu wa kochi.

"Unafanya nini?"

"Mum, kama sentimita moja ni mita moja, hii sitting room yetu yote inatoshea kwa kiganja. Stage yetu nayo itakuwa ndogo sana, mbao hazitaonekana. Itabidi nibadilishe skeli."

Nilikaa kwenye kochi na mkoba wangu ungali begani. Uchoraji kwa skeli niliufundisha muhula wa kwanza. Niliufundisha vizuri, niliubebea rula kubwa ya mbao, niliurudia kwenye darasa la ziada. Kwenye karatasi yake ya mtihani, swali hilo alikuwa ameliacha jeupe.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Hakuna mtu. Siz aliuliza tu hiyo stage itaingia aje kwa karatasi."

"Lakini mimi nilikufundisha."

Aliinua macho akanitazama, akafikiri kweli, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliweka wapi funguo. "Labda," akasema.

Hiyo labda nilikwenda nayo jikoni na nikakata nayo vitunguu.

Baadaye akasukwa mistari ile ile iliyorudi nyuma. Akaanza kucheka kama yule, kichwa kikienda nyuma kwanza halafu sauti ikafuata. Kila siku mezani: Siz amesema hivi, Siz anasema taa ikitoka chini uso unakuwa wa kutisha, Siz alilala godauni siku ya mvua kwa sababu paa lilivuja juu ya picha. Baba yake alikuwa anaacha kusikiliza habari ili amsikilize yeye. Nami nilitabasamu kwa shida. Ni vigumu kueleza. Nilikuwa nimeomba kanisani kwa jina lake mtoto huyu afunguke, na sasa amefunguka, nami nilitaka kuuliza kwa nini hakufungukia kwangu.

Nilijaribu kwa njia yangu. Jumapili moja baada ya chakula nilimwonyesha kalenda ya ukutani, iliyokuwa na picha ya mashamba ya chai, nikamuuliza kwa sauti niliyodhani ni ya upole, "Unaona nini?"

Alikunja uso kidogo. "Mum, usifanye hivyo."

"Nisifanye nini?"

"Hivyo. Kama yeye."

Akaondoa sahani. Nilibaki na yale mashamba ya chai.

Jumatano iliyofuata sikuvumilia. Watoto walikuwa nyuma wakipiga misumari, na yule mwanamke alikuwa mbele peke yake akinyoosha waya wa taa. Nikamwendea.

"Nataka kujua binti yangu anakuambia nini kunihusu."

Hakushtuka. Aliweka waya chini. "Madam, hiyo ni ya kumuuliza yeye."

"Kwa hivyo kuna kitu."

"Muulize yeye."

"Mimi ndiye mama yake."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nasema umuulize yeye. Nikikuambia mimi, itakuwa ni mimi na wewe tumeongea, si nyinyi wawili."

Ningependa angekuwa amejibu vibaya, ningepata pa kushika. Nilirudi kwenye basi nikiwa na hasira ambayo haikuwa na mlango wa kutokea.

Jioni hiyo binti yangu alikuwa anachagua mchele kwenye sinia, amenipa mgongo. Nilimuuliza. Niliuliza vibaya, kwa sauti ya ofisini, lakini niliuliza. Nilitaka kujua kwa nini darasani kwangu haongei na kule anaongea.

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe.

"Darasani sijui nikuite nani," akasema.

"Vipi hujui?"

"Nikikuita Mum wanacheka. Fomu wani niliwahi kukuita Mum mara moja, wakanicheka mpaka krisimasi. Nikikuita Madam, nasikia vibaya. Nasikia kama wewe si wangu. Kwa hivyo nikinyoosha mkono sijui neno la kwanza. Ndiyo nikaacha kunyoosha."

Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nimedhani ni hesabu. Nilimnunulia vitabu vya mazoezi, nikamwamsha mapema kabla ya shule, nikamwambia baba yake labda akili yake ni nzito, Mungu anisikie. Kumbe mtoto alikuwa amekwama kabla ya hesabu, kwenye neno la kuniitia.

"Umemwambia yeye haya?"

"Eeh. Mwezi uliopita. Akasema nikuambie. Kila wiki ananiuliza kama nimekuambia."

Pale ningepaswa kushukuru. Nilichosikia ni mwezi uliopita. Kwa mwezi mzima yule mwanamke alikuwa akinisalimia, akinipa kiti, akiniuliza habari za Thika, na alikuwa amebeba kitu cha mtoto wangu ambacho mimi sikukijua.

"Wewe ungependa kuniita nani?" nikauliza.

"Sijui, Mum."

Hatukuendelea. Alipomaliza mchele akaniletea sinia niuone, jambo ambalo hakuwa akilifanya, nami nikasema ni safi.

Baada ya siku kadhaa, nikiwa ubaoni na pembetatu, nilisikia kiti kikisogea upande wa dirisha. Nilipogeuka mkono wake ulikuwa juu. Darasa zima lilimwangalia.

"Mwalimu," akasema, "sijaelewa hiyo laini ya pili."

Hakuna aliyecheka. Neno lilikuwa la kawaida mno, hakukuwa na cha kuchekwa. Nilieleza ile laini ya pili. Chaki ilinivunjikia mara mbili, nikaendelea na kipande. Furaha niliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa kubwa, na bado ndani yake kulikuwa na sauti ndogo iliyosema: hata hili nimelipata kupitia kwa yule wa Ruiru.

Muhula ulipokaribia kwisha kukawa na mkutano wa wazazi. Tulikaa chini ya hema uwanjani. Habari za Ruiru zilikuwa zimewafikia wazazi kwa namna mbalimbali, na wengi hawakuzipenda. Baba mmoja aliyetoka Kakamega miaka mingi iliyopita, mtu wa mitambo kiwandani, alisimama na kofia mkononi.

"Mimi nilikuja huku Thika kufanya kazi ili huyu kijana asome," akasema. "Yeye ndiye wa mwisho darasani, hiyo najua, sikatai. Sasa wa mwisho anatolewa shule anapelekwa kupiga ngoma na kupaka rangi? Wa kwanza ndio wanabaki na vitabu? Hiyo ni haki gani, mwalimu mkuu?"

Watu walipiga makofi. Mama mmoja anayeuza nguo sokoni akaongeza, "Haki walimu, hiyo mambo ya stage haitaandikwa kwa cheti."

Makofi tena. Nilimwona mwalimu mkuu akipangusa shingo. Alikuwa tayari kukubali yaishe; nilimjua. Akatazama huku na huku, halafu macho yake yakatua kwangu.

"Mwalimu wa hesabu yuko hapa. Yeye ni mwalimu wao na pia ni mzazi, binti yake ni mmoja wao. Darasa lake ndilo tuliloondoa. Mwalimu, sema bila kuogopa."

Nilisimama. Walimu wenzangu walijua nilivyokuwa nikinung'unika kwenye chumba cha walimu. Kila mtu alijua nitasema nini, na nilikuwa nacho mdomoni tayari. Maneno mawili tu, na Jumatano ingerudi kuwa yangu.

"Huyo mwanamke wa Ruiru," nikasema, "mimi namwonea wivu."

Kicheko kikaanzia nyuma. Nilingoja kiishe.

"Sisemi mzaha. Namwonea wivu sana. Binti yangu anasuka kama yeye, anacheka kama yeye, na siri zake anampelekea yeye. Kama kuna mtu hapa angefurahi hii maneno iishe leo, ni mimi. Mngenifanyia kitu kizuri sana."

Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

"Lakini hawa watoto nimewafundisha. Walikuwa wanakuja kwangu macho yako wazi na wamelala. Siku hizi wanakuja na maswali. Mzee," nikamgeukia yule baba, "kijana wako wiki iliyopita ameniuliza kwa nini kivuli cha mtu kinazidi kuwa kirefu taa ikiteremshwa. Aliniuliza korido, akiwa amenikimbilia. Hiyo ni hesabu, iko kwa silabasi. Mimi nimeifundisha miaka mingi na hakuna mtoto amewahi kunikimbilia nayo. Hesabu bado wanajifunza kwangu. Ile hamu wanaitoa kule."

Yule baba aliigeuza kofia yake mkononi. "Kwa hivyo wewe mwalimu unasema waende?"

"Sipendi," nikasema, "lakini waende."

Nikakaa. Mama wa nguo, aliyekuwa kiti cha nyuma yangu, aliniinamia akaninong'oneza, "Pole, mama. Wangu hivyo hivyo na mamake mdogo."

Waliamua waendelee, ila Jumamosi asubuhi ili vipindi visikatwe. Maana yake ni kwamba nami nilipoteza Jumamosi zangu.

Jumamosi ya kwanza yule mwanamke alinipokea mlangoni akiwa na tabasamu analolizuia. "Nimesikia umeniongelea."

"Nani amekuambia?"

"Ngai, nani hajaniambia?" Halafu akawa hacheki tena. "Asante, Madam. Kuja basi unisaidie kushika ngazi."

Kwa hivyo nilishika ngazi. Binti yangu alikuwa juu kabisa, karibu na mabati, anafunga taa kwenye bomba, na mimi chini nimeikumbatia ile ngazi kwa mikono yote miwili. Alipoigeuza taa, mwanga ulitambaa sakafuni kama mtu anayetafuta pa kukaa.

"Siz, hapa?" akaita kutoka juu.

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ngazi. Lakini aliyeulizwa ni yule.

"Kidogo kushoto," yule akajibu.

Mchezo wao ulifanyika, wazazi wakaja, na yule baba wa mitambo alikaa mstari wa mbele akimwangalia kijana wake akiwa mwenye duka anayekataa kufungua mlango. Alipiga makofi hata pale ambapo hapakuwa mahali pa kupiga. Si wote walionyooka. Mmoja aliacha shule fomu thri na sasa namwona sokoni akibeba magunia ya viazi. Huwa ananisalimia kwa heshima na mimi hushindwa kumwangalia sana. Wengine walipanda kidogo, kutoka mkiani hadi mahali ambapo mwalimu anaanza kukumbuka jina. Binti yangu alimaliza fomu foo na alama ya kati. Kwenye hesabu alifanya vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Alisomea umeme katika chuo kimoja hapa Thika, na alipomaliza walimwajiri kwenye ukumbi ule ule wa Ruiru kufunga taa.

Siku ya kupewa cheti chake baba yake alikuwa zamu, kwa hivyo binti alialika watu wawili: mimi na yule. Tulikaa pamoja jua kali, tukashiriki mwavuli mmoja na chupa moja ya maji. Kila mmoja wetu alikuwa amemletea shada la maua ya kumetameta. Nilihakikisha nimemfikia kwanza nikamvika langu shingoni. Yule akaja pole pole akamvika lake, na kwa kuwa lilikuwa la pili, likakaa juu. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Mpiga picha akaita, "Mama asimame hapa kando." Yule mwanamke akarudi nyuma mara moja ili anipishe. Nilimwona akirudi. Nikamshika ovyo kwa mkono wa blauzi, nikamvuta, nikamwambia, "Ingia, jua linachoma, tumalize."

Picha iko sebuleni kwetu. Tumesimama wote watatu, binti katikati, na ukiitazama vizuri utaona kichwa chake kimeinama kidogo upande wa yule. Nimeshaipima kwa macho mara nyingi nikipanguza vumbi. Baba yake anasema ni upepo. Binti mwenyewe nilipomuuliza alicheka, kichwa nyuma kwanza halafu sauti, akaniambia alikuwa anakwepa jua. Kisha akachukua mkoba wake wa bisibisi na koleo akaenda kazini Ruiru, na mimi nikarudi kusahihisha vitabu vya fomu tu.